Jumapili za Mwonja Chai

Mwonja chai alichota mchuzi wa dengu, akakileta kijiko mdomoni, akaufyonza mchuzi pamoja na hewa kwa mlio mkali kama shuka kuukuu linalochanwa, akauzungusha mara moja nyuma ya meno, kisha akautema kwenye glasi ya maji iliyokuwa mbele yake. Alifanya yote hayo kwa utulivu kabisa, macho kayaelekeza darini. Alipoyarudisha mezani, alikuta watu watatu wameacha kutafuna.

Dengu za njano zilikuwa zikishuka polepole ndani ya glasi. Binti yake, mwenye nyumba, alikuwa ameshika kipande cha chapati hewani. Mume wa binti, fundi wa miwani, mtu mpole asiyependa kuonekana anashangaa, aliitazama ile glasi kana kwamba anataka kuipima lenzi. Mama yake huyo fundi, ambaye ndiye aliyeshinda jikoni tangu asubuhi kwa heshima ya mgeni, aliinuka, akaishika glasi kwa vidole viwili, akaenda nayo jikoni na hakurudi.

"Baba," binti akasema kwa sauti ya chini. "Umetema."

"Nimeonja," mzee akajibu.

Kwa upande wake alikuwa anasema kweli. Tangu kabla binti huyo hajazaliwa, kazi yake ilikuwa kuonja chai katika ghala moja kubwa, ndani ya chumba chenye dirisha pana upande usiopigwa na jua. Kila asubuhi walimpangia bakuli nyeupe juu ya meza ndefu, naye akapita mbele yake akiwa na kijiko mkononi, akisukuma kwa goti kopo la kutemea lenye magurudumu. Akifyonza, akitema, akisema neno moja au mawili: "Imechoka." "Imeungua kidogo." "Gunia limekaa karibu na mafuta ya taa." Wanunuzi walingoja neno lake ndipo watie mkono mfukoni. Ghalani walimwita Mzee Ulimi, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Kumeza lilikuwa kosa la wanaojifunza. Watu wa ghalani walitaniana kwamba hata siku ya harusi yake alikuwa akiangaza huku na huku akitafuta pa kutemea.

Ulimi huo ulikuwa na masharti. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia tangu mwanzo: kitunguu marufuku, kitunguu saumu marufuku, pilipili, bizari, manukato na sabuni za kunukia marufuku. Aliyapokea kama sheria, na alipooa akaja nayo nyumbani. Mkewe hakubisha. Alimpikia wali wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha na nyama ya kuchemsha yenye chembe ya chumvi, na hivyo ndivyo walivyokula mezani hadi mwaka uliotangulia, mama huyo alipofariki. Mzee alivila vyakula hivyo maisha yake yote bila kulalamika, na kwa kweli bila kuvitambua.

Siku ile ya glasi, binti alimsindikiza baba yake hadi chini. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka la miwani, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kushuka bega kwa bega. Alimsemesha mgongoni.

"Baba, nikuambie kitu, usinikasirikie."

"Sema, mama."

"Tangu mama afariki, kila nikikualika una sababu. Umeshiba, umekula kazini, tumbo linasumbua. Leo umekaa mezani kwangu, nikafurahi kweli. Halafu umetema chakula cha mama mkwe wangu mbele ya macho yake."

"Unajua ulimi wangu ndio kazi yangu."

"Najua. Nimelelewa nikijua." Walipofika mlangoni akaongeza: "Ukitaka kuja kuonja, usije tena. Ukitaka kuja kula, Jumapili chakula kitakuwepo."

Mzee alirudi kwake kwa miguu. Alichemsha viazi, akala amesimama, na jikoni hakukusikika ila kijiko chake. Vitu viwili tu vilikuwa vimembakia duniani, ulimi na binti, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja vitagombana. Aliogopa. Alijua fika kwamba binti yake alirithi ukaidi kwake, na akisema usije, amesema.

Jumapili iliyofuata alipanda zile ngazi kwa shingo upande, mkononi ana pakiti ya chai bora kuliko zote zilizopita mbele yake mwaka ule. Mama wa fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Mkwe, aliipokea, akaiweka rafuni bila kuitazama, akamwonyesha kiti. Mbele ya wengine palikuwa na mabakuli ya rangi zote za machweo. Mbele yake yeye palikuwa na sahani ya wali uliovurugwa na mtindi, mweupe pe, hauna hata doa.

"Hiki nawapikia watoto wakiharisha," Mama Mkwe alisema. "Kimeze bila woga, mkwe."

Fundi wa miwani aliinama haraka kutafuta kitu chini ya meza. Mzee aliona aibu ikimpanda masikioni, lakini alikula, na alimeza, tonge baada ya tonge, huku binti yake akimtazama kwa jicho la pembeni. Sahani ilipokwisha, vijana wakakusanya vyombo. Mama Mkwe alibaki kitini.

"Ule mchuzi uliotema wiki iliyopita," alisema. "Ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri sana, mkwe. Naomba radhi kwa yale—"

"Nimeambiwa wewe unalipwa kwa kusema kweli."

Mzee alikuna kidevu. Akafumba macho, kama alivyofanya kazini bakuli likimtatiza. "Kitunguu saumu kiliungua, lakini upande mmoja tu. Nadhani sufuria yako imeinama. Ukwaju ulikuwa wa zamani, umekaa karibu na kitu cha mbao. Na kulikuwa na kitu kingine, kilinuka vibaya mwanzoni, kisha kikageuka kikawa kitamu. Hicho sikijui."

Alifumbua macho akihofia kuwa ameharibu tena. Mama Mkwe alikuwa amegeukia jikoni.

"Mwanangu!" aliita. "Njoo usikie! Si nilikwambia lile jiko mguu mmoja mfupi? Tangu tuhamie hapa nasema, unaniona nazeeka!" Kisha akamgeukia mzee, uso wake umelegea kwa mara ya kwanza. "Ukwaju naweka kwenye sanduku la mbao. Na hicho usichokijua ni mvuje."

Alikwenda akaleta kopo lililofungwa ndani ya kopo jingine. Ndani mlikuwa na utomvu mkavu, wa rangi ya asali iliyoganda, na harufu yake ilimfanya mzee arudishe kichwa nyuma.

"Hiki kinaliwa?"

"Kidogo. Ncha ya ukucha, kwenye samli ya moto." Alikifunika. "Napika tangu nikiwa msichana, mkwe. Marehemu mume wangu alisema tamu. Huyu mwanangu anasema tamu. Binti yako ana adabu, anasema tamu sana. Wewe ulitema, nikalia kule jikoni, sikufichi. Lakini kumbe uliusikia mchuzi wangu kuliko wote."

Hivyo ndivyo mapatano yao yalivyoanza, ingawa hakuna aliyeyataja kwa jina hilo. Kila Jumapili mzee alikuja, na kila Jumapili Mama Mkwe alimpeleka mbele hatua moja, kwa hila ambayo mzee aliiona na akajitia haoni. Kwanza ulikuwa wali uleule wa mtindi, ila umeungwa kwa mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye mafuta. Mzee alizisogeza zote ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kijiko, nyeusi zimejipanga kama sisimizi. Moja ilimponyoka. Aliitafuna bila kujua, akasimamisha taya, akaitafuta nyingine.

Baadaye zikaja dengu, vijiko viwili, na safari hii hakufyonza. Alimeza, na hapo akagundua jambo lililomshangaza mtu wa umri wake na kazi yake. Mvuje haukuishia mdomoni. Ulishuka, ukasubiri kooni, ukampa joto kifuani alipokuwa ameshaanza kuzungumza mambo mengine. Yeye alivijua vitu vyote vya kuonjwa hadi kwenye meno tu. Chini ya hapo alikuwa mgeni.

"Inaendelea," alimwambia Mama Mkwe, akijigusa shingo.

"Sasa ulidhani inakwenda wapi?" akajibiwa.

Zikaja bilingani zilizochomwa kwenye moto hadi ganda likawa mkaa, zikapondwa na giligilani. Vikaja viazi vya manjano vyenye uwatu, na huo uchungu wa uwatu ukampendeza papo hapo, maana uchungu alikuwa amezoeana nao kwenye chai. Achari ya ndimu ilimtoa jasho hadi nyuma ya masikio. Kwa kila kitu alitoa maelezo, na Mama Mkwe aliyasikiliza kwa mikono iliyokunjwa, mara akikubali, mara akiwaka. Alipoambiwa kwamba bizari yake imekaangwa kwa pupa, alinuna hadi chai ilipoletwa. Jumapili iliyofuata bizari ilikuwa imekaangwa taratibu, na wote wawili hawakulisemea.

Pilipili ndiyo iliyobaki nje ya mapatano. "Hiyo hapana," mzee alisema. "Hiyo ni adui wa kazi yangu."

"Sawa. Adui akae tu hapo mezani, mzoeane," alisema Mama Mkwe, na tangu siku hiyo pilipili mbili za kijani zikawa zinalala kwenye kisahani mbele ya mzee.

Hakuacha tahadhari. Kila Jumapili jioni alirudi nyumbani akasukutua kwa maji ya vuguvugu, akatafuna mkate mkavu, akalala dirisha wazi. Kila Jumatatu alisimama mbele ya bakuli la kwanza akiwa na wasiwasi mtupu, na kila Jumatatu ulimi uliitika. Alizishukuru zile tahadhari. Lakini katikati ya wiki mambo yalianza kumgeuka. Viazi vyake vya kuchemsha, alivyokula miaka nenda miaka rudi bila ugomvi, sasa vilimchosha. Siku moja alijikuta dukani akinunua haradali. Alipofika nyumbani akaificha ndani ya droo, chini ya taulo, ingawa hakukuwa na mtu wa kumficha.

Binti naye alibadilika. Alianza kumpigia simu katikati ya wiki bila shida yoyote, kumuuliza tu Jumapili angependa nini. Mzee alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo, na mara ya kwanza akasema amwachie kidogo afikirie. Alikata simu akiwa na furaha ya kitoto iliyomtia haya.

Kisha ikaja Jumapili ya vitunguu.

Fundi wa miwani alikuwa chini dukani akimalizia kazi ya mteja. Mama Mkwe alikuwa akikaanga vitunguu kwenye samli, vingi, kwa moto mdogo, vimeshaanza kushika rangi ya kahawia. Binti alikuwa kwenye sinki anaosha mboga. Harufu ilimfuata mzee sebuleni, ikamnyanyua, na kwa mara ya kwanza akaja mwenyewe hadi mlango wa jikoni. Alisimama hapo akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Vitunguu," alisema. "Kumbe vinanukia hivi. Yaani nimeishi hadi leo, nyumbani kwangu kitunguu hakijawahi kuingia."

Mboga zilitulia ndani ya maji.

"Viliingia, Baba," binti alisema bila kugeuka.

"Lini?"

"Ulipokuwa ukisafiri kwenda kwenye mnada wa chai."

Mama Mkwe alipunguza moto. Binti, akiwa ameshafungua mlango huo, hakuweza kuufunga tena.

"Mama alikuwa akikusindikiza hadi nje, anakupungia mkono. Ukishakata kona tu anafunga mlango, ananiambia vaa viatu, na tunakimbia sokoni. Tunanunua vitunguu, kitunguu saumu, pilipili mbichi, mayai. Tunakaanga vyote pamoja, tunakula kwenye sufuria, tumekaa sakafuni." Alikuwa anacheka sasa, akifuta mikono kwenye nguo. "Tulikula hivyo mchana na usiku. Siku ya kurudi kwako tunafungua madirisha yote, tunafua mapazia, tunasugua sufuria hadi inang'aa. Ananinusa nywele. Halafu wewe unaingia, unasimama mlangoni, unavuta hewa, unasema, 'Nyumba safi.' Na mama ananitazama, mimi nauma shavu nisicheke..."

Hapo kicheko kilimkatikia.

"Kwa nini hakuniambia?" mzee aliuliza.

"Angekwambia nini? Ilikuwa kazi yako."

Mzee aliegemea mlango. Vitunguu havikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alimwona mkewe waziwazi, akiwa na mapazia mabichi mikononi, anaharakisha, anasikiliza kama mlango utalia. Alikuwa amedhani nyumba yake ina utulivu. Kumbe ilikuwa na sikukuu zake, na zilimalizika kila aliporudi. Aliona wivu, akaona na aibu kwa kuwaonea wivu marehemu na mtoto.

Wakati wa kula alisogeza sahani yake mbele. "Leo nipe kila kitu," alimwambia Mama Mkwe. "Na pilipili."

"Taratibu, mkwe."

"Kila kitu."

Alikula vitunguu, alikula dengu, alikula achari kwa kijiko. Aliichukua pilipili moja kisahanini akaiuma katikati, machozi na kamasi vikamtoka pamoja, na fundi wa miwani akasimama kumletea maji ambayo hakuyagusa. Binti alimtazama kwa hofu. Hakuwa anakula kwa uchu, na kila mtu pale mezani aliliona hilo.

Usiku ule hakusukutua. Hakutafuna mkate mkavu. Alifunga dirisha makusudi, akalala na harufu yote mdomoni, na kabla usingizi haujamchukua alijikuta akitamani jambo ambalo wiki moja nyuma lingemtoa roho: alitamani kuamka ulimi wake umekufa. Ukiwa umekufa, basi viazi vile vyote vya kuchemsha vilikuwa vya lazima. Basi mkewe alikuwa amefua mapazia kwa sababu ya kweli.

Asubuhi bakuli zilikuwa zimepangwa. Msaidizi wake, mama wa makamo aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa ameshika kalamu tayari. Mzee alichota, akafyonza, akatema.

"Imechoka," alisema.

Akasogea. "Hii nzuri. Ina uchangamfu." Akasogea. "Hii imeungua chini." Alikuwa anatafuta kosa sasa, anarudia bakuli alilokwisha kulionja, anafyonza kwa nguvu hadi kooni kukawasha. "Hii imefungwa karibu na sabuni." Alimnyooshea msaidizi kijiko. "Hebu onja hii."

Mama yule alionja, akatema. "Sabuni. Ya kufulia. Umesema sawa, Mzee."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Hakuna kilichopotea. Kila bakuli lilimfunulia siri zake kama lilivyofanya siku zote. Mzee aliweka kijiko mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kazi.

"Wewe nyumbani unakula nini?" aliuliza.

Msaidizi alivua miwani, akaisafisha ingawa ilikuwa safi. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nijibu tu."

"Pilipili, Mzee," alisema hatimaye. "Kila jioni, siwezi kula bila pilipili. Na kitunguu saumu. Nilipoajiriwa ulinisomea masharti, nikaitikia. Nilihofia ukijua utanifukuza."

"Na ulimi?"

"Si umeufundisha mwenyewe? Umewahi kuulalamikia?" Alivaa miwani tena. "Ukila asubuhi kabla ya kazi, hapo kweli unaharibu. Ukila jana yake, hakuna kitu. Waonjaji wote niliokutana nao mnadani wanakula kama watu." Alimtazama mzee usoni, akaongeza kwa huruma, "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani wewe unapenda tu chakula cha namna hiyo."

Mzee aliketi kwenye stuli. Alikaa hapo hadi chai ikapoa katika bakuli zilizosalia, na ilibidi maji yachemshwe upya.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alipanda ngazi za juu ya duka la miwani, na binti yake alipofungua mlango alishtuka.

"Baba? Leo Jumatatu. Kuna nini?"

"Ulimi wangu mzima," alisema, akisimama palepale kizingitini. "Nimeonja asubuhi yote. Hata chembe haikupotea."

"Si ndiyo vizuri? Mimi jana nilikuwa na hofu, sikulala, nikasema—" Binti alimtazama usoni. Alipeleka mkono mdomoni.

"Angeweza kula mezani," mzee alisema. "Mama yako. Miaka yote ile. Tungeweza kula wote."

Mama Mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, kitambaa begani. Alisikia yote. Alizima jiko, akasema anashuka dukani kumwangalia mwanawe, akampita mzee pale mlangoni, na alipompita alimshika kiwiko kwa nguvu, mara moja, kisha akashuka.

Mzee aliingia jikoni. "Nipikie kile," alisema.

"Kipi, Baba?"

"Mlichokuwa mkila."

Binti alichukua kisu. Alimenya vitunguu, akaponda saumu, akakata pilipili, akawasha moto mkubwa kuliko ambao Mama Mkwe angeuruhusu jikoni kwake. Alipasua mayai juu. Mikono yake ilikwenda haraka, bila kupima, kama ya mtu anayeogopa kukutwa. Alipotaka kuchukua sahani, baba yake alimzuia, akauliza walikuwa wakikaa wapi. Binti alionyesha sakafu. Mzee alishikilia ukingo wa meza, akajishusha kidogo kidogo na suruali yake ya kazini, magoti yakilia, hadi akaketi chini na kuegemea kabati. Sufuria ikawekwa katikati yao juu ya kitambaa, na chapati pembeni.

Vitunguu vilikuwa vimeungua pembeni na vibichi katikati. Mayai yalikauka. Pilipili ilizidi kila kitu. Mzee aliyasikia makosa yote, moja baada ya jingine, na hakutaja hata moja. Alimega chapati, akachota, akameza, akachota tena.

"Nikiwa safarini," aliuliza, "mlikuwa mkinikumbuka?"

Binti aliacha kutafuna. Alikuwa amelelewa vizuri, na jibu la adabu lilikuwa karibu tu. Alimtazama baba yake, akaliacha.

"Hapana, Baba. Siku hizo tulikuwa tunafurahi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Ilimchoma, na ilimchoma kwa muda mrefu kuliko pilipili, lakini hakutafuta pa kuitema.

"Alikuwa anacheka?"

"Mama? Mpaka anajilaza kwenye sakafu. Ananiambia niache kumchekesha, na mimi wala sijasema kitu. Mpaka chakula kinapoa."

Mzee hakuwahi kumwona mkewe amelala sakafuni kwa kicheko. Alijaribu kumwona sasa, hapo chini, mkono tumboni, nywele zikinuka vitunguu, na hakumpata vizuri. Alisogeza sufuria upande wa binti yake.

"Hebu anza tena," alisema. "Mimi nimeshakata kona. Mama yako amefunga mlango. Halafu?"